Mfumo wa Jua Hauanzii Ubaoni

Mfumo wa jua ni Jua pamoja na kila kinachoshikwa na uvutano wake: sayari nane na miezi yake, sayari kibete kama Pluto, nyotamkia, na mawe yasiyo na idadi. Jua peke yake limebeba zaidi ya asilimia 99 ya tungamo la mfumo mzima. Dunia na milima yake, bahari zake na watu wake ni makombo. Katika shule za Rwanda mada hii imo ndani ya jiografia ya sekondari ya awali, yaani kidato cha kwanza hadi cha tatu, mikononi mwa watoto wa miaka 12 na kuendelea. Wilayani Rusizi, pembe ya kusini-magharibi ya nchi ambayo watu wazima wengi bado huiita Cyangugu, hufundishwa kama inavyofundishwa sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Mwalimu huchora ubaoni duara kubwa, hulizungushia njia nane, huandika majina, na darasa huitikia kwa pamoja hadi majina yakae kichwani.

Nyuma ya ubao huo kuna mtazamo uliokita mizizi kiasi cha kutoulizwa tena. Una nguzo tatu. Ya kwanza ni kwamba elimu ya anga ni elimu ya vifaa: pasipo darubini, projekta na intaneti, hakuna cha kuonyesha. Ya pili ni kwamba vifaa vikikosekana kinachobaki ni orodha, na orodha ndiyo itakayoulizwa kwenye mtihani. Ya tatu ni kwamba mtoto wa Rusizi, ambaye kesho atalima mpunga Bugarama, atavua sambaza ziwani Kivu au atavusha bidhaa mpakani kwenda Bukavu, Zohali haimhusu ndewe wala sikio. Nguzo zote tatu zimesimama juu ya kosa moja: zinauchukulia mfumo wa jua kuwa ni mahali pa mbali, pa kuletwa darasani kwa picha. Rusizi imo ndani yake, na mienendo yake mikubwa huonekana kutoka uwanja wa shule kwa macho matupu. Somo linapaswa kuanzia kwenye mienendo hiyo. Majina na namba yafuate, yaeleze kilichokwisha kuonekana.

Nguzo ya vifaa ndiyo inayotajwa zaidi, na Rusizi yenyewe ina mfano wake mashuhuri. Tarehe 27 Februari 2019 kampuni ya OneWeb ilirusha setilaiti zake sita za kwanza kutoka Guyana ya Ufaransa. Moja ilipewa jina la Kinyarwanda, Icyerekezo, yaani dira, na ikatangazwa kwamba itasaidia kuziunganisha shule za mbali na intaneti, ikianzia na shule ya St Pierre katika kisiwa cha Nkombo, ndani ya Ziwa Kivu, wilayani Rusizi. Intaneti kisiwani ni neema. Ila ni rahisi kuisoma habari hiyo kinyume, kana kwamba kabla ya setilaiti Nkombo haikuwa na anga.

Tena setilaiti hiyo ni somo hata kwa asiyewahi kuitumia. Huzunguka kwenye kimo cha kilomita 1,200 hivi na huimaliza Dunia kwa dakika zipatazo 109, kwa hiyo haiwezi kutulia juu ya Nkombo. Ikizama, nyingine lazima iwe imechomoza, ndiyo maana kampuni ilihitaji mamia. Madishi ya televisheni yaliyo juu ya mapaa ya Kamembe hufanya kinyume: hutazama sehemu moja tu ya anga mwaka mzima, kwa sababu setilaiti zake ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta na huzunguka sambamba na Dunia inavyojigeuza. Sheria ni moja: kilicho karibu huenda mbio, kilicho mbali hujikokota. Ndiyo sheria inayoifanya Utaridi imalize mwaka wake kwa siku 88 na Neptune kwa miaka 165 hivi. Mwanafunzi huifikia kwa kuuliza kwa nini dishi la jirani haligeuzwi, swali lisilohitaji hata waya.

Kifaa cha kwanza cha elimu ya anga hakina bei. Ni kijiti kilichonyooka cha urefu wa mita moja, kilichosimamishwa wima kwenye uwanja ulio sawa. Uzi wenye jiwe mwishoni huhakikisha kwamba hakikuinama. Kuanzia saa tano na nusu, kila baada ya dakika tano mwanafunzi mmoja huweka kokoto kwenye ncha ya kivuli. Ikifika saa saba kasorobo kokoto zimejipanga, na ile iliyo karibu zaidi na kijiti inaonyesha mambo mawili kwa mpigo: wakati jua lilipokuwa juu kabisa siku hiyo, na mstari wa kaskazini-kusini bila dira. Darasa la watoto hamsini linatosha kukizunguka.

Rusizi iko takriban nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, na nafasi hiyo hukipa kijiti kazi ambayo kingeikosa Ulaya. Kiswahili huliita jua la adhuhuri jua la utosi, kana kwamba kila siku saa sita huwa utosini. Kijiti kinakanusha. Mjini Kamembe jua hufika utosini kwelikweli mara mbili tu kwa mwaka, karibu na tarehe 14 Machi na tarehe 29 Septemba. Siku hizo kivuli cha adhuhuri hujikunja chini ya kijiti hadi kutoweka. Tarehe 21 Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, na kijiti cha mita moja hutoa kivuli cha sentimita 49 kinachoelekea kusini. Tarehe 21 Desemba jua limehamia kusini, na kivuli ni sentimita 38 kuelekea kaskazini. Mtoto aliyevipima vivuli hivyo ameshika kwa mkono wake ushahidi kwamba mhimili wa Dunia umeinama. Nyuzi 23.4 za kitabuni humjia kama jibu la swali alilokuwa nalo tayari.

Wakati wa kilele ni somo la pili ndani ya kijiti hichohicho. Rwanda hufuata saa za longitudo ya nyuzi 30 mashariki, na Rusizi iko kama nyuzi 1.1 magharibi ya mstari huo. Dunia hugeuka uzi mmoja kwa dakika nne, kwa hiyo kwa wastani jua hufika kilele Rusizi dakika nne na ushei baada ya saa sita. Lakini wastani huficha mengi. Katikati ya Februari kilele huchelewa hadi dakika 18 hivi baada ya saa sita. Mwanzoni mwa Novemba huwahi dakika 12 hivi kabla yake. Tofauti hiyo ya nusu saa ina vyanzo viwili: mhimili ulioinama, na njia ya Dunia ambayo si duara kamili, kama sheria za mwendo wa sayari alizoanza kuzichapisha Johannes Kepler mwaka 1609 zinavyosema. Ng'ambo, mjini Kigoma, karibu na longitudo ileile, jua likiwa kileleni saa za ukutani zinasoma saa saba, kwa kuwa Tanzania hufuata longitudo ya nyuzi 45. Jua ni lilelile. Saa ni makubaliano ya watu. Jambo hilo, ambalo vitabu hulifundisha kwa ramani ya kanda za saa za dunia nzima, mfanyabiashara wa Rusizi anayepiga simu Kigoma analikuta kila siku.

Kijiti kina hesabu kubwa zaidi ya hizo. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita Eratosthenes, msimamizi wa maktaba ya Aleksandria nchini Misri, alikadiria mzingo wa Dunia kwa kulinganisha kivuli cha mji wake na hali ya Syene, Aswan ya leo, ambako siku moja ya mwaka jua la adhuhuri halikuacha kivuli. Rusizi inaweza kuchukua nafasi ya Syene bila kuharibu hesabu, maana Aleksandria iko karibu longitudo moja nayo, nyuzi 31.2 kaskazini mwa ikweta. Tarehe 14 Machi, kijiti cha Rusizi kikiwa hakina kivuli, kijiti kama hicho Aleksandria huwa na kivuli cha sentimita 67. Mwanafunzi akikichora kwa vipimo na kutumia kipimapembe, anapata nyuzi 33.7. Umbali kati ya miji hiyo ni kilomita zipatazo 3,740. Nyuzi 360 zikigawanywa kwa 33.7, kisha jibu likazidishwa kwa 3,740, mzingo wa Dunia unatoka: karibu kilomita 40,000. Darasa hilohilo limekwisha kujifunza kwamba mvua ya mteremko wa mashariki wa msitu wa Nyungwe huingia mto Nile na kuishia Misri. Maji na kivuli vinakwenda njia moja, na hesabu yake ni kugawanya na kuzidisha tu.

Kifaa cha pili ni Mwezi, na Rusizi ina wataalamu wake. Sambaza wa Kivu huvuliwa usiku kwa taa: mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wavu chini, mwanga juu, samaki wakikusanyika kati. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haiwavuti samaki kama katika usiku wa giza, na mavuno hushuka. Kwa hiyo mtoto wa mvuvi anajua bila kitabu kwamba mwezi mpevu huchomoza jua linapotua, na kwamba kila usiku unaofuata huchelewa kuchomoza, kwa wastani dakika 50. Anajua pia kwamba baada ya juma moja saa za mwanzo za usiku zitakuwa zimerudi gizani. Asichokuwa nacho ni sababu: Mwezi unaizunguka Dunia, Dunia nayo inalizunguka Jua, na kutoka mwandamo hadi mwandamo zinapita siku 29.5. Kumkaririsha mtoto huyo majina ya sura za Mwezi kwa Kiingereza bila kugusa anachokijua kutokana na riziki ya nyumbani kwao ni kumwaga maji na kwenda kuomba ya jirani.

Vitabu vingi huchora hilali ikiwa imesimama kama herufi C. Hiyo ni hilali ya Ulaya. Karibu na ikweta mwezi mwandamo hulala chali kama mtumbwi, pembe mbili zikielekea juu, kwa kuwa njia ya Jua na Mwezi hushuka karibu wima kwenye upeo wa magharibi. Ndivyo wanavyouona Waislamu wa Kamembe na Bugarama wanapoutafuta mwezi wa Ramadhani juu ya milima ya upande wa Kongo. Mwanafunzi anayechora C kwa kuwa kitabu kimechora C amefundishwa kutoamini macho yake, na hasara hiyo ni kubwa kuliko kukosa darubini.

Hata dai kwamba anga ni la usiku, na shule ni ya mchana, halisimami. Juma moja baada ya mwandamo, Mwezi huchomoza karibu na adhuhuri na kuwa angani mashariki wanafunzi wanapojiandaa kurudi nyumbani. Juma moja baada ya mwezi mpevu, uko magharibi asubuhi wanapokuwa mstarini. Siku kama hiyo chungwa likinyanyuliwa juani kwa mkono ulionyooshwa, pembeni mwa Mwezi, hupata mwanga na giza vilevile: Mwezi ukiwa nusu, chungwa nalo ni nusu, na upande unaong'aa ni mmoja. Jambo hilo huchukua dakika moja, na hulifuta kosa ambalo hudumu hata kwa watu wazima, kwamba sura za Mwezi hutokana na kivuli cha Dunia. Kivuli cha Dunia huufikia Mwezi wakati wa kupatwa tu.

Sayari zenyewe zinazoonekana kwa macho ni tano: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Kiswahili kilipokea majina hayo kutoka Kiarabu, lugha ya watu waliozitazama kwa ajili ya safari na kalenda. Uranus iligunduliwa na William Herschel mwaka 1781, na Neptune mwaka 1846, zote kwa darubini. Ndiyo maana hazina jina la kale. Orodha ikitenganishwa na anga huoza. Zipo orodha za Kiswahili zinazoiita Zohali kwa jina la Sarateni na Neptune kwa jina la Kausi, ingawa Sarateni na Kausi kwa asili ni makundi ya nyota ya buruji, Kaa na Upinde. Zipo pia zinazoipa Pluto jina la Utaridi. Mtu aliyewahi kuiona Utaridi ikichungulia juu ya machweo, isiyothubutu kwenda mbali na Jua, asingeweza kuitupa mwisho wa safu. Kosa limeendelea kwa sababu orodha hunakiliwa kutoka karatasi hadi karatasi, na karatasi haina upeo wa magharibi.

Orodha pia huvunjika ghafla. Pluto, iliyogunduliwa mwaka 1930, ilitolewa katika idadi ya sayari tarehe 24 Agosti 2006, katika mkutano wa Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia mjini Prague. Waliokariri tisa walibaki na tisa yao mbovu. Aliyefundishwa sayari ni kitu gani alipata swali jipya la kufikiria. Neno lenyewe linasaidia, kwa kuwa asili yake ya Kiarabu ni chenye kwenda. Darasa likichora kila Ijumaa jioni nafasi ya Mshtarii kati ya nyota za jirani, kwa muhula mmoja, litaiona ikienda. Kwa kuwa inalizunguka Jua kwa karibu miaka 12, husogea takriban buruji moja kwa mwaka. Mwendo huo ndio unaoipambanua sayari na nyota kwa macho, na hakuna wimbo wa majina unaoweza kuufundisha.

Picha ya ukutani ina madhara kuliko ubao. Hupanga sayari kwenye safu moja zikigusana mabega, Jua likiwa kipande cha duara pembeni, na mtoto huondoka akiamini kwamba sayari ni majirani. Dawa yake ni mpira wa miguu uliopo shuleni. Mpira wa sentimita 22 ukiwa Jua, Dunia ni punje ya ulezi, milimita 2, iliyowekwa mita 24 kutoka kwenye mpira. Mwezi ni chembe ya nusu milimita, sentimita 6 kutoka kwenye ulezi. Mirihi ni chembe ya mchanga mnene kwenye mita 36. Mshtarii ni goroli kubwa ya sentimita 2.2 kwenye mita 123, na Zohali ni goroli ndogo kidogo kwenye mita 226. Uranus na Neptune ni punje mbili za njegere, moja kwenye mita 453, nyingine kwenye mita 710.

Darasa linaondoka uwanjani likihesabu hatua. Dunia imewekwa kabla uwanja haujaisha. Kwenye Zohali shule imebaki nyuma, na mpira ni nukta tu kwa mwenye macho makali. Kwenye Neptune wanafunzi wametembea karibu robo tatu ya kilomita, na viganja vilivyobeba mfumo mzima havikujaa hata nusu. Kati ya goroli na njegere hapakuwa na kitu. Anayetaka kuendelea hadi nyota iliyo karibu zaidi na Jua, Proxima Centauri, itambidi aweke ndimu moja kilomita 6,300 na zaidi kutoka Rusizi, yaani Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji. Hakuna kitabu chenye ukurasa wa kuutosha utupu huo.

Nguzo ya mtihani huangushwa na serikali yenyewe. Mtaala wa Rwanda ulioanza kutumika mwaka 2016 umejengwa juu ya umahiri: mwanafunzi anatakiwa aweze kueleza, kupima na kutumia, na kutaja tu hakutoshi. Kufundisha orodha kwa hofu ya mtihani ni kuuhofia mtihani usiolingana na mtaala. Zaidi ya hapo, orodha haimsaidii mtahiniwa pale penye alama nyingi, kwenye maswali ya sababu. Swali la misimu ni mfano mzuri. Kinyarwanda kina misimu minne: umuhindo wa mvua kuanzia Septemba, urugaryi wa ukavu mfupi, itumba la mvua kubwa kuanzia Machi, na icyi cha ukavu mrefu kuanzia Juni. Kwa kuwa Ulaya nayo ina misimu minne, mwanafunzi wa kukariri huilinganisha moja kwa moja, kisha hueleza kwamba joto huja Dunia ikisogea karibu na Jua. Kwa kweli Dunia huwa karibu zaidi na Jua mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147 hivi, wakati Ulaya inatetemeka kwa baridi. Mwanzoni mwa Julai, kiangazi chao, iko mbali zaidi, kilomita milioni 152.

Mwanafunzi wa kijiti ana jibu bora. Ukanda wa mvua za kitropiki hulifuata jua linapovuka ikweta kwenda na kurudi, ukichelewa kidogo nyuma yake. Kwa hiyo vipindi viwili vya mvua Rusizi huanza karibu na siku ambazo kivuli cha adhuhuri hutoweka, na ukavu mkubwa huja kivuli kinapokuwa kirefu kuelekea kusini. Daftari la vivuli na daftari la mvua vikiwekwa pamoja, misimu ya Kinyarwanda inajieleza bila kuazima ya Ulaya.

Nguzo ya tatu, kwamba Zohali haimlishi mtu, inasahau kwamba kazi nyingi zilianza kwa kutazama juu. Wakulima na mabaharia wa pwani waliliita kundi moja la nyota Kilimia, kutokana na kulima, na methali yao husema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kundi hilo hupotea kwa majuma kadhaa kila mwaka kwa sababu Dunia, katika kulizunguka Jua, hulipitisha nyuma ya mng'ao wake. Leo kazi zimebadilika, anga halijabadilika. Paneli ya umeme wa jua iliyofungwa kwa mwongozo wa Ulaya, ikitazama kusini kwa mwinamo mkali, hupoteza mwanga mwingi Rusizi mwezi Juni, jua linapokuwa kaskazini. Fundi aliyepima vivuli viwili, sentimita 49 kusini na 38 kaskazini, ataifunga ikiwa imelala karibu bapa, na mwinamo mdogo tu wa kuteremsha maji ya mvua.

Mfumo wa jua pia hushuka chini bila kualikwa. Tarehe 14 Agosti 1992 mvua ya vimondo ilianguka Mbale, mashariki mwa Uganda, na kipande kimoja kidogo, baada ya kupunguzwa kasi na mgomba, kilimpiga kijana kichwani bila kumdhuru. Mkoani Songwe, Tanzania, Kimondo cha Mbozi, pande la chuma linalokadiriwa kuwa la tani 16 hivi, limelala wazi kwa kila mtu kulishika. Kupatwa kwa jua kwa tarehe 3 Novemba 2013, ambako kiini chake kilipita kaskazini mwa Uganda, na kule kwa tarehe 1 Septemba 2016 kulikopita kusini mwa Tanzania, kote kulionekana kwa sehemu nchini Rwanda. Siku kama hizo mtoto aliyefundishwa huangalia chini ya mti, ambako kila tundu kati ya majani hutupa ardhini picha ya jua lililomegwa. Asiyefundishwa hulikodolea jua lenyewe, na macho hayana vipuri.

Yapo matatizo ya kweli, na hayafai kufunikwa. Rusizi ni nchi ya mawingu na mvua; kijiti kinaweza kukosa jua siku iliyopangwa. Lakini kivuli cha siku mbili au tatu kabla au baada hutofautiana kwa sentimita chache tu, na mwaka wa shule unaoanza Septemba na kuishia Julai hukutana na utosi mara mbili na kilele cha Juni kikiwa ndani ya ukavu. Lugha ni tatizo la pili. Somo hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali mtoto hutazama kwa Kinyarwanda na, wilayani Rusizi, mara nyingi kwa Kiswahili, kilichofanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017. Hiyo ni hoja ya kuanza na jambo lenyewe: anayeijua hilali kwa macho hujifunza jina lake la Kiingereza kwa siku moja, na anayelijua jina peke yake huweza kupita maisha yote bila kuiona.

Tatizo la tatu ni kwamba sehemu kubwa ya mfumo wa jua haionekani kwa macho matupu. Pete za Zohali, miezi minne ya Mshtarii aliyoiona Galileo mwaka 1610, Uranus, Neptune na Pluto vinahitaji darubini, picha au kitabu. Methali ya kwamba mwenye macho haambiwi tazama nayo ina mpaka: watoto wengi wamelala chini ya anga hilo miaka yote bila kuambiwa watazame nini. Kwa hiyo mwalimu na kitabu wana kazi. Kinachopingwa hapa ni kukifanya kitabu kiwe mlango wa kuingilia.

Mpangilio unaofuata hoja hizi unaingia katika mwaka mmoja wa shule bila kuongeza vipindi. Mwishoni mwa Septemba kijiti husimamishwa na kivuli kinachotoweka hurekodiwa. Oktoba na Novemba ni za Mwezi, kutoka mwandamo mmoja hadi mwingine, chungwa likiwa karibu, na wakati wa kilele ukiandikwa kila juma. Kivuli cha Desemba hupimwa nyumbani wakati wa likizo. Muhula wa pili huwa wa sayari moja inayoonekana jioni, hesabu ya mzingo wa Dunia karibu na tarehe 14 Machi, na matembezi ya mpira na ulezi. Muhula wa tatu ndipo majina yote manane, umbali wake, pete, miezi na picha za darubini huingia ubaoni. Darasa hufunga tarehe 21 Juni kwa kukiweka kijiti mahali pale pale kilipoanzia na kupima sentimita 49.